Usiku Mmoja katika Nyumba ya Shamba: Historia ya Filamu ya Kutisha ya Mwaka 1968

Filamu ya kutisha aghalabu haihesabiwi miongoni mwa kazi za utamaduni zinazostahili kujadiliwa darasani. Wazazi huiogopa, walimu huidharau, na wakaguzi huikata kwa mkasi kabla hawajafika mwisho wake. Dharau hiyo ina sababu zake, maana nyingi katika filamu hizo ni takataka zilizotengenezwa ili kukusanya fedha za vijana siku ya Jumamosi. Hata hivyo, mtu anayechunguza historia hawezi kuuchagua ushahidi kwa kupima adabu yake. Hofu za watu ni sehemu ya historia yao kama zilivyo vita vyao na biashara zao.

Filamu ninayokusudia kuieleza hapa ni ya Kimarekani, nayo huitwa Night of the Living Dead, yaani Usiku wa Maiti Walio Hai. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, tarehe 1 Oktoba 1968. Waliotengeneza walikuwa vijana wasiojulikana, fedha zao zilikuwa haba, na waigizaji wao karibu wote walikuwa wageni wa kazi hiyo. Leo imehifadhiwa katika orodha ya taifa la Marekani ya filamu zenye thamani ya kudumu. Imefikaje huko? Maoni yangu ni kwamba ufukara wa watengenezaji wake uliwalazimisha kutazama mahali ambapo matajiri wa Hollywood walikuwa hawapatazami, nako ni ndani ya nyumba, kwa watu walio hai.

Kabla ya kufika Pittsburgh hatuna budi kupitia Haiti, kwa kuwa viumbe wa filamu hii hujulikana sasa duniani kote kwa jina la zombi, na jina hilo lina kwao. Haiti ilikuwa koloni la Ufaransa likiitwa Saint-Domingue, na watumwa kutoka Afrika walilimishwa miwa huko kwa ukatili usio kifani mpaka walipoasi mwaka 1791 na kujipatia uhuru mwaka 1804. Wataalamu wengi hulihusisha neno zombi na lugha za Kikongo. Katika imani ya Wahaiti, zombi hali watu wala hafukuzi mtu. Ni kiumbe wa kusikitikiwa: amekufa, au ameonekana kufa, akazikwa, kisha mchawi akamtoa kaburini na kumtumikisha shambani bila ujira, bila kauli na bila kumbukumbu. Husemwa kwamba akionjeshwa chumvi huzinduka. Kwa mtumwa wa shamba la miwa kifo kilikuwa ndiyo likizo pekee, na zombi ni mtu aliyenyimwa hata likizo hiyo.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufasiriwa zaidi. Msukule wetu, au ndondocha kama aitwavyo katika baadhi ya sehemu, ni ndugu wa zombi huyo. Naye husemwa kuwa amechukuliwa na mchawi hali jamaa zake wamezika kitu kingine, kwamba amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa mashamba ya watu usiku. Sisemi kwamba imani ya huku ilisafiri kwenda kule. Nasema tu kwamba zote mbili zinakutana kwenye jasho: anayeogopwa ni mchawi mwenye shamba, na anayelimishwa huhurumiwa. Filamu za video zilizotengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 zilimtumia sana msukule, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa ni nani.

Wamarekani walimfahamu zombi walipoitawala Haiti kwa majeshi, tangu mwaka 1915 hadi 1934. Mwaka 1929 mwandishi William Seabrook alitoa kitabu cha safari zake huko, na mwaka 1932 ikatoka filamu White Zombie, ambamo bwana mmoja mwovu anamiliki kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na maiti. Katika onyesho moja mfanyakazi anatumbukia ndani ya mashine na wenzake wanaendelea kuzungusha bila kugeuza shingo. Hapo shamba la utumwa lilikuwa bado linaonekana waziwazi. Baada ya hapo likafifia, na zombi akabaki kuwa kitisho cha bei nafuu.

George A. Romero alizaliwa New York mwaka 1940, akaenda Pittsburgh kusoma, akabaki huko. Pittsburgh ulikuwa mji wa chuma na makaa ya mawe, mbali na Hollywood kwa kila hali. Yeye na rafiki zake waliendesha kampuni ndogo iliyoitwa The Latent Image, iliyotengeneza matangazo ya biashara ya televisheni, pamoja na vipande vifupi vya kipindi cha watoto. Huko ndiko walikojifunza kazi: kuweka taa, kurekodi sauti, kukata na kuunga kanda, na kumaliza shughuli siku ile ile mteja aliyoitaka. Walipochoka kutangaza sabuni na bia za watu wengine waliazimia kutengeneza filamu yao wenyewe. Watu kumi walitoa dola 600 kila mmoja, ikapatikana mtaji wa dola 6,000, na kundi lao wakaliita Image Ten. Baadaye walipata watu wengine wa kuchangia, na gharama yote ikafika kiasi cha dola 114,000. Ili msomaji apate kipimo, mwaka huo huo wa 1968 Hollywood ilitoa filamu nyingine ya kutisha, Rosemary's Baby, iliyogharimu kiasi cha dola milioni 3.

Hadithi waliiandika Romero na John A. Russo. Romero alikiri kwamba wazo la kwanza alilipata katika riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1954, I Am Legend, ambamo mtu mmoja amebaki peke yake nyumbani mwake huku nje jirani zake waliogeuka wanyonya damu wakimwita usiku kucha. Kutoka hapo aliondoa jambo moja na kuongeza jambo jingine. Alichoondoa ni mchawi. Katika filamu hii maiti hawana bwana wala shamba; wanainuka bila kutumwa na mtu, wanatembea polepole, na wanakula nyama ya walio hai. Televisheni inataja mionzi iliyoletwa na chombo kilichorudi kutoka sayari ya Zuhura, lakini wakubwa wa serikali wanabishana mbele ya kamera na jambo hilo halithibitishwi. Neno zombi halitamkwi hata mara moja. Lilibandikwa baadaye na watazamaji. Alichoongeza ni watu zaidi ndani ya nyumba. Kwa Matheson aliyefungiwa ni mmoja. Kwa Romero ni saba, na hawapatani.

Walipata nyumba ya shamba karibu na kijiji cha Evans City, kiasi cha kilometa 50 kaskazini ya Pittsburgh. Nyumba hiyo ilikuwa inangoja kubomolewa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kulalamika wakipigilia misumari ukutani au kuvunja dirisha. Walipiga picha huko katika miezi ya mwaka 1967, kwa vipindi, kwa kuwa kila mara kazi ya matangazo iliwaita warudi mjini kutafuta mkate. Chumba cha chini ya nyumba kilikuwa kibovu mno, basi maonyesho ya chini yalipigwa katika jengo la ofisi yao. Kanda ilikuwa nyeusi na nyeupe kwa sababu ya rangi ilikuwa ghali. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo katika picha isiyo na rangi haina tofauti na damu yenyewe. Nyama na matumbo yaliletwa na mmoja wa wachangiaji aliyekuwa na biashara ya bucha. Muziki haukutungwa, ulinunuliwa katika hifadhi ya muziki uliokwisha kutumika katika filamu nyingine. Karl Hardman, mmoja wa wenye mtaji, aliigiza baba mwenye ubishi, akapaka waigizaji dawa za uso, na aliyeigiza binti yake alikuwa bintiye kweli. Watu wa Evans City walikuja kuigiza maiti, na wengine wakaja na bunduki zao kuigiza kikosi cha wawindaji wa maiti.

Sisi tuliolelewa katika vina na mizani tunaifahamu hali hii. Mshairi aliyepewa mishororo minne na mizani kumi na sita hawezi kuzurura. Hana budi kukamua maana ndani ya ua alioufungiwa, na mara nyingine ua huo humpatia neno ambalo asingelifikia akiwa huru. Romero hakuwa na fedha za kuonyesha mji unaoteketea au jeshi linalokimbia. Alikuwa na nyumba moja na usiku mmoja. Habari za taifa zima ilibidi ziingie ndani kwa njia ya redio na seti ya televisheni, na hapo ndipo upweke unapouma. Wale watu wanasikia kwamba msaada upo, wanasomewa majina ya vituo vya kukimbilia, na hawawezi kufika. Mwenye milioni 3 angetuonyesha vituo hivyo na hofu yote ingekwisha.

Kisa chenyewe ni rahisi. Barbra na kaka yake Johnny wamekwenda kuzuru kaburi la baba yao. Johnny anamtania dada yake kwa kumtisha na mtu mmoja anayepita makaburini, na mtu huyo ndiye anayewashambulia. Johnny anauawa. Barbra anakimbilia nyumba ya shamba, na punde anafika kijana aitwaye Ben, naye anatafuta petroli. Barbra amepotewa na fahamu zake kwa huzuni. Ben anavunja meza na milango, anapigilia mbao madirishani. Ndipo wanapogundua kwamba chini ya nyumba walikuwamo watu wengine muda wote huo: Harry Cooper na mkewe Helen, na binti yao aliyeng'atwa, pamoja na vijana wawili wachumba, Tom na Judy. Walisikia mayowe wasitoke.

Kuanzia hapo filamu inakuwa ya mabishano. Cooper anataka wote washuke chini na kufunga mlango, maana mlango ni mmoja. Ben anakataa kwa sababu chini hakuna njia ya kutokea, na anasema huku juu bwana ni yeye. Wanagombania mahali, kisha redio, hatimaye bunduki. Jaribio la kujaza petroli katika gari linaharibika, Tom na Judy wanaungua, na maiti wanawala mbele ya macho yetu. Ben anarudi mbio na kukuta Cooper amemfungia nje. Baadaye anampiga risasi. Umeme unakatika. Mtoto aliyekuwa mgonjwa anafariki, anainuka, na kumuua mama yake kwa mwiko wa kujengea. Johnny anarudi akiwa maiti na kumvuta dada yake nje. Ben, aliyebaki peke yake, anakimbilia chumba cha chini, mahali pale pale alipokataa, na pale ndipo anaponusurika. Jambo hili wanafunzi hulipita haraka, nami nawasihi wasilipite: shujaa wetu alikosea kuhusu mlango, na Cooper, mtu tunayemchukia, alikuwa amesema kweli. Laiti wangalisikilizana, pengine wote wangaliiona asubuhi.

Ben aliigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi aliyesoma Pittsburgh. Andiko la filamu halikutaja rangi ya Ben. Lilimtaja kuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machafu. Romero alieleza mara nyingi kwamba Jones alichaguliwa kwa sababu katika majaribio hakuna aliyemshinda. Jones alikataa kuzungumza kama lile andiko lilivyotaka, na maneno ya Ben yakabadilishwa yakawa ya mtu aliyesoma na mwenye utulivu. Hakuna mtu katika filamu anayemtaja kwa rangi yake, hata Cooper aliyekasirika. Ukimya huo wengine wameusifu kana kwamba rangi haikuwa na maana. Jones mwenyewe hakukubaliana nao. Yeye alijua kila mara kwamba yuko mtu mweusi anayempiga kofi mwanamke mweupe ili azinduke, na anayemwamuru mwanamume mweupe anyamaze, mbele ya kamera, mwaka 1967. Tukumbuke mwaka huo ulikuwaje. Mnamo Juni Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imetangua sheria za majimbo zilizokataza ndoa kati ya weusi na weupe. Julai miji ya Newark na Detroit iliwaka moto, na askari wenye silaha wakaingia mitaani.

Filamu ilikamilika mwanzoni mwa mwaka 1968. Romero alisimulia kwamba walikuwa ndani ya gari wakiipeleka New York kutafuta mnunuzi, redio ikatangaza kwamba Martin Luther King ameuawa. Ilikuwa tarehe 4 Aprili. Nani katika gari lile angeweza tena kuutazama mwisho wa filamu yao kama walivyoutazama jana yake?

Maana mwisho wenyewe ni huu. Kunapambazuka. Kikosi cha raia wenye bunduki na mbwa, wakiongozwa na sherifu, kinapita mashambani kikimaliza maiti mmoja mmoja, huku wakinywa kahawa na kutaniana. Ben anasikia milio, anapanda kutoka chini kwa tahadhari, anachungulia dirishani. Mmoja wao anamwona, analenga shabaha, anampiga risasi ya paji la uso. Hawakumwita, wala hawakumwuliza kitu. Sherifu anamsifu mpigaji na kuagiza mwingine wa kutupwa motoni. Kampuni zilizotaka kuinunua filamu zilikuwapo, ila zilitaka Ben aokolewe, nao vijana wa Pittsburgh walikataa. Jones naye alishikilia kwamba baada ya yote yaliyotokea nchini, watu weusi wangependa kumwona Ben akifa kuliko kumwona akiokolewa kwa njia ya uongo.

Ilipotoka ilipokewa kwa matusi. Gazeti la biashara ya filamu, Variety, liliilaani. Roger Ebert wa Chicago Sun-Times alieleza, mwanzoni mwa 1969, jinsi alivyokaa katika jumba lililojaa watoto waliopelekwa na wazazi wao kutazama vituko vya Jumamosi, wakaanza kwa kelele na kumalizia kwa kulia. Mpango wa Wamarekani wa kuweka filamu katika madaraja ya umri ulianza tarehe 1 Novemba 1968, mwezi mmoja baada ya filamu hii kutoka, kwa hiyo hapakuwa na alama yoyote mlangoni ya kumzuia mtoto. Lakini mwaka 1970 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York liliionyesha, na katika miji mingi ikawa inaonyeshwa usiku wa manane mwaka baada ya mwaka kwa watu walewale waliokwisha kuiona.

Ilikusanya mamilioni ya dola, na waliotengeneza wakaambulia sehemu ndogo. Kisa cha hasara hiyo kingestahili kusomwa na kila msanii kabla hajatia sahihi popote. Jina la kwanza la filamu lilikuwa jingine, Night of the Flesh Eaters, na chini ya jina hilo iliandikwa alama ya hakimiliki. Kampuni ya usambazaji, Walter Reade, ilibadilisha jina kwa sababu kulikuwa na filamu nyingine ya jina linalokaribia hilo. Katika kuondoa kibao cha zamani na kuweka kipya, ule mstari wa hakimiliki haukurudishwa. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, iliyokuwa ikitumika bado, kazi iliyotolewa kwa umma bila mstari huo ilikuwa mali ya umma. Kila mwenye mashine ya kunakili akawa mwenye filamu. Aliyekaa ofisini anajua namna mambo haya yanavyotokea: faili limepita meza tano, kila mmoja ameamini kwamba wa nyuma yake amehakiki. Mwaka 1990 watengenezaji walifadhili filamu mpya ya kisa kile kile, Romero akaandika andiko, na sababu mojawapo ilikuwa kupata angalau toleo moja wanaloweza kuliita lao. Marekani iliacha kulazimisha alama hiyo ilipojiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1989. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapotunga, bila alama; ila msanii wetu hupoteza mali yake kwa njia nyingine, hasa kwa kuuza haki zote siku moja kwa sababu ya njaa ya siku hiyo.

Duane Jones hakupenda kukumbukwa kwa Ben peke yake. Aliigiza tena, katika Ganja & Hess ya mwaka 1973, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha: fasihi katika Chuo cha Antioch, na baadaye uigizaji katika chuo cha Old Westbury, New York. Alifariki mwaka 1988. Mwaka 1999 filamu iliingizwa katika orodha ya taifa, na Romero akaishi mpaka mwaka 2017.

Mwalimu atakayeionyesha filamu hii aionyeshe kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, tena baada ya kuitazama mwenyewe. Asizime mashine majina ya waigizaji yanapoanza kupita baada ya Ben kuanguka, kama ilivyo desturi ya watu wanaowahi kengele. Hapo filamu inaacha kutembea na kuwa picha za mnato, zenye chembechembe kama zilizochapwa gazetini. Wanaume wenye kulabu za buchani wanauinua mwili wa Ben na kuutoa nje. Wanaulaza juu ya lundo la kuni, kando ya yule maiti wa kwanza kabisa, aliyemwua Johnny makaburini. Katika picha hizo hakuna linalowatofautisha wawili hao. Kisha picha inatembea tena kwa muda mfupi, na kinachotembea ni moto.